Benki Ilipomfungia Mama Mdogo Akaunti

Katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Uingereza, mtoto aliyesoma huku ndiye karani wa ukoo. Barua za halmashauri, za hospitali, za mwenye nyumba, zote humfikia yeye kwanza. Mimi kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka 11 hivi. Kwa hiyo mama mdogo aliponipigia simu mwaka jana akasema, "Mwanangu, kuna barua ya benki, njoo uniambie wanataka nini," sikushtuka. Nilidhani ni kadi mpya.

Barua ilikuwa fupi. Benki imeipitia akaunti yake, imeamua haitaendelea kumhudumia, na baada ya miezi miwili akaunti itafungwa. Ahamishe mshahara na malipo yake kwingine. Sababu haikutajwa. Mama mdogo amekuwa mteja wao miaka 14. Anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na hajawahi kukopa hata pauni moja. Nilipomaliza kumsomea alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani nimewaibia nini?"

Tukapiga simu, yeye na mimi, spika imewashwa. Mhudumu akasema hawezi kueleza sababu. Nilipombana akauliza swali moja: hizi fedha zinazoingia kila mwanzo wa mwezi kutoka kwa watu tofauti ni za nini? Mama mdogo akajibu mara moja, "Mwambie ni mchezo."

Wanaoujua mchezo wameshaelewa. Wengine huuita upatu, Wakenya watasema chama. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa pauni 200 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 2,000. Mama mdogo ndiye kijumbe. Tisa wanamtumia yeye, anaongeza 200 zake, anampelekea mwenye zamu. Na wengi wao, wakituma, sehemu ya maelezo huandika "mchezo" basi.

Nami nikamtafsiria mhudumu neno kwa neno. Kimya. Kisha akauliza kama tunazungumzia kamari.

Walimu wetu mnatufundisha kila wiki kwamba neno halitafsiriwi peke yake. Siku hiyo nilifeli mtihani huo kwa simu. Nilijaribu kurekebisha, nikasema ni kikundi cha kuweka akiba kwa zamu, lakini tayari nilikuwa nasikika kama mtu anayebadilisha maneno.

Jioni nilizitazama taarifa za akaunti yake upya, kama mtu asiyemjua. Watu tisa wanaingiza fedha ndani ya siku mbili, siku ya tatu zote zinatoka kwa mkupuo kwenda kwa mtu mwingine, na mwezi ujao mpokeaji si yule yule. Ukweli ni kwamba akaunti ya mtu anayepitisha fedha za wizi hufanana hivyo hivyo. Kompyuta ya benki haijui kijumbe ni nani.

Kwa nini hawasemi? Hapa nililazimika kusoma sheria, jambo ambalo sikulitarajia katika shahada ya historia. Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2002 inaitaka benki inayoshuku utakatishaji wa fedha itoe taarifa kwa Shirika la Taifa la Kupambana na Uhalifu, na ni kosa la jinai kumdokeza mteja kwa namna itakayoharibu uchunguzi. Naelewa mantiki yake. Lakini kimya hicho hicho hutumika hata pale ambapo benki imeamua tu kwamba mteja ni wa usumbufu, na wewe uliye nje ya mlango huwezi kujua kimya chako ni cha aina gani. Kuhusu notisi, Kanuni za Huduma za Malipo za 2017 zinatoa angalau miezi miwili. Kwa akaunti zinazofunguliwa kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 notisi ni siku 90 pamoja na sababu ya maandishi, ingawa panapohusika uhalifu wa fedha kuna misamaha. Akaunti ya mama mdogo ni ya zamani, kwa hiyo hilo halikumsaidia.

Wala si watu wadogo tu wanaofungiwa. Mwaka 2013 Barclays iliyapa notisi makampuni mengi ya kutuma fedha, likiwemo Dahabshiil, ambalo familia nyingi za Kisomali hulitegemea kupeleka fedha nyumbani. Dahabshiil lilikwenda Mahakama Kuu na Novemba mwaka huo likapata zuio la muda. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana kuachana. Hata kampuni yenye mawakili ilichopata hasa ni muda. Mwaka huo huo wa 2013 nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wakiuliza msikitini fedha zitapita wapi sasa.

Sisi hatukuwa na wakili. Tulikuwa na meza ya jikoni. Tuliandika malalamiko rasmi, tukaeleza upatu ni nini kwa sentensi sita, tukaambatanisha orodha ya zamu ya miezi kumi na picha za daftari la mama mdogo, lenye saini za wote. Benki kwa kawaida ina wiki nane za kujibu. Barua ya pili, ambayo naona ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi, iliomba taarifa zote wanazohifadhi kumhusu. Ni haki ya kila mtu chini ya sheria ya kulinda data, haina malipo, na wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo njia aliyoitumia mwanasiasa Nigel Farage mwaka 2023 dhidi ya Coutts. Tuliomba vilevile taarifa kutoka Cifas, maana alama ya utapeli ikiwekwa huko inaweza kukaa hadi miaka sita, na benki nyingine huiona. (Wanachama wenzangu, mtu akikuomba "nipokelee tu hela kwenye akaunti yako, nitakuachia kidogo," hiyo ndiyo alama unayoitafuta.)

Cifas walijibu kwamba hawana kitu. Mama mdogo alilia kwa mara ya kwanza hapo.

Makaratasi ya benki yalikuja yakiwa na mistari mingi iliyopakwa wino mweusi. Lakini ukurasa mmoja ulisomeka: miezi mitatu kabla ya notisi walimwandikia kumuuliza kuhusu malipo hayo, hawakupata jibu, wakaamua kufunga. Barua hiyo ilipelekwa kwenye anwani yake ya zamani. Anwani mpya walikuwa nayo, na barua ya kufunga waliituma huko huko.

Benki ilijibu malalamiko kwa kusema uamuzi unabaki. Tukaenda kwa Ombudsman wa huduma za fedha. Huduma yake ni bure, na una miezi sita tangu jibu la mwisho la benki. Mchunguzi alisema wazi kwamba benki ina uhuru wa kuchagua wateja, kama mteja alivyo huru kuondoka. Hilo lilituuma. Lakini alikubali kwamba hawakumpa nafasi ya haki ya kujieleza, na benki ikakubali kuomba radhi na kumlipa pauni 200. Wakaongeza kwamba anaweza kuomba akaunti tena.

"Nirudi nyumba niliyofukuzwa?" akasema. Alikwisha kufungua akaunti ya msingi katika benki nyingine, zile ambazo benki kubwa zinatakiwa kumpa mkazi halali wa nchi. Haina mkopo wala ziada ya kutoa, lakini mshahara unaingia.

Mchezo haukuvunjika. Kila mmoja sasa anamtumia mwenye zamu moja kwa moja, na kijumbe anabaki na daftari. Nimewaandikia karatasi ya masharti kwa lugha mbili, wote kumi wameitia saini. Kichwa cha habari cha upande wa Kiingereza kilinichukua jioni nzima. Mama mdogo alikisoma, akaniuliza maana yake, nikamwambia, akasema, "Si ungesema hivyo kwenye simu."