Namba Tasa Iliyothibitishwa na Mzee Asiyeona

Itamke kwanza kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa tarakimu ni 2,147,483,647. Unaipata ukizidisha 2 zilizo 31 kisha ukatoa 1. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja mwaka 1644 katika orodha ya namba za aina hii alizodai ni tasa. Orodha ile ilikuja kuonekana ina makosa, na uthibitisho hakuutoa.

Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler, Mswisi aliyehamia Saint Petersburg, Urusi, na habari yake ilijulikana mwaka 1772. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limekufa zamani, na la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho. Alihesabu kichwani, wengine wakamwandikia.

Alifanyaje? Namba hii ingekuwa na vigawo, kimojawapo kisingevuka 46,340, maana viwili vilivyo vikubwa kuliko hapo vikizidishwa vinaipita. Kujaribu maelfu yote hayo kungemchosha hata mwenye macho mazima. Euler akagundua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sharti hilo moja liliacha namba zisizofika 400 za kujaribu. Hakuna hata moja iliyoigawa. Mimi huona uzuri wa hisabati hapo hasa: kazi ya mwezi inakatwa ikawa ya siku chache, na hakuna kilichoachwa bila kukaguliwa.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa namba kamilifu inayozaliwa na namba hii haitapata ya kuizidi, kwa kuwa namba hizo hazina faida na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta. (Namba kamilifu ni kama 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 vikijumlishwa vinairudisha.) Mfaransa Édouard Lucas alimpinga kwa vitendo mwaka 1876: alithibitisha namba tasa ya aina hii iliyo kubwa zaidi.

Leo namba aliyoithibitisha Euler imo ndani ya mashine. Kompyuta nyingi zimetunza namba kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1: moja ya kuonyesha hasi au chanya, 31 za thamani. Biti hizo 31 zikijaa, umefika 2,147,483,647, na hakuna nafasi ya kuongeza hata moja. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Yenye biti 32 itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, biti ya hasi au chanya itageuka hasi, na saa isiyorekebishwa itarudi Desemba 13, 1901.

Simu na kompyuta mpya nyingi zimeshahamia biti 64. Wasiwasi uko kwenye vifaa vinavyofungwa na kusahaulika: mitambo ya kiwanda, mita, vifaa vya wodini vinavyoandika saa ya dozi. Anayenunua kifaa cha kutumika miaka 15 amuulize muuzaji leo: saa yake ni ya biti ngapi?