Mwanza hadi Bukoba: Dakika 21 Zinazogeuka Robo Tatu Saa

Kwa mstari ulionyooka, Mwanza na Bukoba zimeachana kilomita kama 175 tu. Kwa gari, kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo, zinapita 400, maana barabara hulizunguka Ziwa Victoria kwa kusini. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limemaliza foleni ya kivuko, lakini mzunguko wenyewe uko pale pale. Ndege hukatisha juu ya maji.

Hapo abiria mwenye kalamu hupiga hesabu. ATR, ndege ya pangaboi inayozoeleka kwenye njia hii, huenda kilomita kama 500 kwa saa. Kilomita 175 basi ni dakika 21. Mbona ratiba hutenga karibu robo tatu saa?

Kwa sababu muda wa kwenye tiketi haupimi umbali. Huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa kule iendako. Humo ndani kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya mnara, kupanda, kushuka, na kuzunguka ili kutua kwa kuukabili upepo. Ile kasi ya 500 hupatikana juu, ndege ikishatulia. Katika safari hii haijatulia sawasawa, rubani anaanza kushuka.

Linganisha na safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, kilomita 850 hivi kwa mstari. Airbus A220 hukaribia kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo kwa kalamu ni saa moja. Ratiba husema kama saa moja na nusu. Nyongeza ni karibu ile ile, nusu saa au pungufu kidogo. Umbali umekua takriban mara tano, muda mara mbili tu.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo ukavuma kutoka majini, na mawingu hujikusanya juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji yakabaki na uvuguvugu, pepo za kutoka kandokando zikakutana katikati ya ziwa na kuisukuma hewa yenye unyevu juu. Ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku kuelekea alfajiri, na Bukoba, iliyo ufukwe wa magharibi, huamka na mvua mara nyingi. Rubani akikuta wingu la radi hupita kando au husubiri angani, na dakika kumi za kusubiri kwenye safari ya dakika 45 si jambo dogo. Ajali ya Novemba 6, 2022, ilitokea asubuhi, katika hali mbaya ya hewa: ATR ya Precision Air iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Kwa hiyo anayetoka Bukoba asubuhi kuunganisha ndege ya Dar pale Mwanza, aache nafasi kubwa kwa kile kipande kifupi.