Muhogo wa Uganda na Mbegu Iliyotoka Amani

Mfanyakazi wa shamba la chai, la miwa au la mkonge hupokea mshahara mwisho wa mwezi, lakini njaa ya watoto wake haingoji mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kando ya kambi nyingi, na kule nyumbani walikobaki wazee, utakuta kijishamba cha muhogo. Mvua ikikosa, mahindi yakikauka na bei ya unga ikipanda dukani, familia hung'oa muhogo na siku zinakwenda. Kwa hiyo ugonjwa wa muhogo ni jambo la mfanyakazi kama ulivyo jambo la mkulima. Safari hii tunaeleza yaliyowapata ndugu zetu wa Uganda, na jinsi ushirikiano wa nchi nyingi ulivyowasaidia kuinuka tena.

Mwaka 1988 na baada yake

Mwaka 1988 wakulima wa kaskazini mwa Luwero waliona muhogo wao ukiugua batobato kwa namna ambayo hawakuizoea. Batobato yenyewe ni ugonjwa wa zamani. Majani hupata mabaka ya manjano, hukunjamana na kuwa madogo, na mmea hudumaa. Lakini batobato ya zamani humwachia mkulima mavuno kiasi. Hii mpya ilikuwa kali mno, na mashamba mengine hayakutoa kitu cha kupeleka jikoni.

Ugonjwa ukaenea kama moto wa nyika, kilometa 20 hadi 30 kila mwaka. Unaenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, na unaenezwa pia na binadamu mwenyewe anapokata pingili kwenye shina linaloumwa na kwenda kuzipanda mahali pengine. Huko Teso, aina iliyopendwa sana iitwayo Ebwanateraka iliteketea. Katika wilaya nyingi watu waliacha kabisa kulima muhogo. Miaka ya mwanzo ya 1990 njaa iliingia mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo, na watu wakafa.

Mwaka 1997 wataalamu walieleza kiini cha ukali huo. Virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi cha tatu. Kirusi hicho hakikuuliza mpaka wa nchi. Katikati ya miaka ya 1990 kilikwisha kuingia magharibi mwa Kenya, na mwisho wa miaka hiyo kilikuwa Kagera, kwetu Tanzania. Baadaye kilifika Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Mbegu ilitoka wapi?

Watafiti wa Uganda waliokuwa Namulonge, chini ya uongozi wa Dakta William Otim-Nape, walihitaji muhogo unaostahimili batobato, na waliuhitaji upesi. Kuzalisha aina mpya tangu mwanzo huchukua miaka mingi. Bahati nzuri kazi hiyo ilikwisha kufanywa, na ilianzia kwetu, Amani, katika milima ya Usambara juu ya Muheza.

Kituo cha Amani kilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1902. Hawakukifungua kwa ajili ya chakula cha Mwafrika. Walitaka mazao ya kuuza Ulaya, na mojawapo lilikuwa mpira. Mti wa mpira waliouleta kutoka Brazili ni jamaa wa muhogo, na vibarua wengi walitoa jasho katika mashamba hayo mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Mashamba yakafa, miti ikabaki.

Katika miaka ya 1930 Waingereza waliokuwa wakishika kituo hicho, wakiongozwa na H. H. Storey, walianza kutafuta dawa ya batobato. Storey na mwenzake Nichols waliupandanisha muhogo na ule mti wa mpira, kwa kuwa mpira hauugui batobato kwa urahisi. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alikuwa na afya, lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Ikabidi apandanishwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa ya kuliwa na nguvu ya kupambana na ugonjwa ikabaki. Kazi hiyo iliendelea Amani hadi mwaka 1957. Wanaoandikwa vitabuni ni wakubwa wa kituo. Lakini kupanda, kupalilia, kuchavusha maua na kuhesabu mimea inayoumwa, mwaka hata mwaka, hakukufanywa na mikono ya watu wawili.

Kabla kazi haijafungwa, mbegu zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo ikapatikana aina iliyopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, aina hiyo ilitumiwa na mtafiti Mkorea, Dakta Sang Ki Hahn, kuzalisha muhogo mpya katika miaka ya 1970. Mmoja kati ya hiyo, TMS 30572, ulifika Uganda na kupewa jina la Migyera. Kwa hiyo pingili alizopanda mkulima wa Uganda katika miaka ya 1990 zilikuwa na damu ya Usambara, zikiwa zimepitia Nigeria na kurudi Afrika Mashariki.

Kazi ya watu wengi

Kupata mbegu nzuri ni nusu ya kazi. Punje za mahindi ya gunzi moja hujaza eneo kubwa, lakini shina moja la muhogo hutoa pingili chache tu, labda kumi. Namulonge peke yake isingeweza kuilisha nchi nzima pingili. Ilibidi watumike mabwana shamba, shule, makanisa, vikundi vya akina mama na wakulima wenyewe, kila mmoja akizalisha na kumpa mwenzake. Fedha nyingine zilitoka kwa wafadhili wa Uingereza, Marekani na Kanada. Huko Alupe, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, lilitengwa shamba la kuiangalia mimea iliyotoka Uganda kabla haijasambazwa kwa wakulima wa Kenya. Muhogo ukarudi mashambani.

Tuseme na upande wa pili. Nchi zetu tatu zilikuwa na shirika moja la utafiti wa kilimo, makao yake yakiwa Muguga, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilikufa nayo. Ugonjwa ulipokuja miaka kumi na moja baadaye, ulikuta kila nchi iko peke yake. Mitandao ya kushirikiana ilibidi isukwe upya, mwaka hadi mwaka, wakati ugonjwa unatembea.

Adui wa pili

Mapambano hayakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2004 ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ulianza kuenea Uganda. Nao ni wa zamani. Storey aliueleza mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulijulikana kuwa wa ukanda wa pwani. Huu ni mwizi wa kimyakimya. Shina laweza kusimama vizuri na majani yakapendeza, lakini ukichimba na kukata mzizi unakuta umeoza ndani. Ile mihogo iliyoshinda batobato haikuweza kuushinda huu.

Safari hii nchi zilikutana mapema zaidi. Mwaka 2012 Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji zilianza mpango wa pamoja, kila moja ikitoa aina zake bora zisafishwe virusi maabara na kujaribiwa katika nchi zote tano. Hapo tena Amani ilikumbukwa. Muhogo uitwao Namikonga huku kwetu kusini, na Kaleso huko Kenya, ni mmea mmoja uliozalishwa Amani, na umekuwa tegemeo la watafiti wanaotafuta nguvu ya kupambana na michirizi ya kahawia.

Sisi tufanye nini?

Jambo la kwanza liko mikononi mwetu. Wengi wetu tunatoka mikoa ya mbali, na tukienda likizo hupenda kurudi na fungu la pingili za nyumbani. Ndugu, fungu hilo laweza kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho. Tusisafirishe pingili toka mkoa hadi mkoa, wala kuzivusha mpakani. Tukate pingili kwenye mashina yenye afya tu, tung'oe mapema yanayoumwa, na tutafute mbegu safi kwa bwana shamba au kituo cha utafiti kilicho karibu.

Jambo la pili ni la vyama vyetu. Kazi ya Amani ilizaa matunda kwa sababu iliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukatwa. Fedha za wafadhili huja kwa miaka mitatu au mitano, kisha huondoka. Mtunza shamba la majaribio asiyelipwa kwa wakati ataondoka naye, na mimea aliyoitunza itakufa. Twapaswa kuwatetea wafanyakazi wa vituo vya utafiti kama tunavyowatetea wa kiwandani, na kuzidai serikali zetu zitenge fedha zao wenyewe kwa utafiti wa mazao ya chakula. Msaada wa nje tuupokee. Lakini mwenye shamba ndiye anayepaswa kuwa na jembe.

Tunawaomba viongozi wa matawi walisome jambo hili mbele ya wanachama, hasa katika mashamba ya Kagera, Tanga na Mtwara. Wakutane na mabwana shamba wa wilaya zao, waulize ni aina zipi za muhogo zinazofaa pale walipo, na kambi iwe na kitalu chake cha pingili safi kabla mvua hazijaanza.