Utayari wa Mzazi Aliyeacha Pombe Kurudishiwa Mtoto: Hadithi ya Fitzgerald Ikisomwa kwa Mazingira ya Keko

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili swali linaloulizwa na fasihi na mahakama pia: ni kwa ushahidi gani mzazi aliyeacha pombe huhesabiwa kuwa yuko tayari kurudishiwa mtoto? Katika riwaya ya Kiswahili mzazi mlevi si mgeni. Zakaria katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ni baba ambaye ulevi na ukali wake vinachangia maangamizi ya binti yake. Hata hivyo, mlevi huyo yumo nyumbani mwake, naye Rosa analelewa humo humo. Suala la nani akabidhiwe mtoto halipewi nafasi. Suala hilo ndilo kiini cha hadithi fupi ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, “Babylon Revisited”, iliyochapishwa mwaka 1931. Makala haya yanaisoma hadithi hiyo kwa kuzingatia sheria za Tanzania na maisha ya Keko, wilayani Temeke. Hoja inayotetewa ni kwamba kuacha pombe ni sehemu tu ya utayari. Sehemu ya pili ni uhusiano wa mzazi na watu na mahali palipoulea ulevi wake.

2.0 Charlie Wales: Glasi Moja na Anwani Moja

Charlie Wales anarudi Paris kutoka Prague, anakofanya biashara, ili amchukue binti yake Honoria, mwenye umri wa miaka tisa. Mkewe, Helen, amekwisha kufariki. Mtoto analelewa na Marion, ndugu wa Helen, pamoja na mumewe Lincoln Peters. Charlie mwenyewe ndiye aliyeridhia ulezi huo wakati alipokuwa amelazwa kwa matibabu. Marion hasahau usiku mmoja wa baridi ambapo Charlie alimfungia Helen nje kwenye theluji, naye anamlaumu kwa kifo cha dada huyo.

Fitzgerald anampa Charlie ushahidi wa kutosha wa mabadiliko. Ana kazi, ana kipato, na kwa zaidi ya mwaka mmoja amejiwekea kiasi cha glasi moja tu kwa siku, ambayo haivuki kuwa ya pili. Wahakiki wengi wamejadili glasi hiyo: je, ni alama ya kujimudu au ni mlango ulioachwa wazi? Mjadala huo una uzito, lakini waweza kumfanya msomaji asilione tukio dogo lililo mwanzoni mwa hadithi. Akiwa katika baa ya Ritz, Charlie anamwachia mhudumu anwani ya akina Peters ili apewe rafiki yake wa zamani, Duncan Schaeffer. Baadaye Duncan na Lorraine, mwenzake wa siku zile za ulevi, wanaingia katika nyumba hiyo wakiwa wamelewa, saa ile ile ambayo makubaliano ya kumrudisha Honoria yalikuwa yakikaribia kukamilika. Marion anabadili shauri, na Charlie anaambiwa asubiri miezi sita.

Hivyo basi, jambo linalomwangusha Charlie ni anwani, wala si glasi. Mkono uliokataa glasi ya pili ndio ulioandika mahali anapoishi mtoto na kuwakabidhi wale aliowakimbia. Mwandishi hasemi kwamba toba ya Charlie ni ya uongo. Anaonyesha kwamba toba ya kweli yaweza kuwa haijakamilika.

3.0 Mwamuzi ni Nani?

Katika hadithi hii hakuna hakimu anayeonekana. Marion ni mlezi, ni shahidi wa makosa ya zamani na ni mwamuzi kwa wakati mmoja. Msomaji hupata taabu kutenganisha huruma yake kwa Honoria na kinyongo chake kwa Charlie, kwa kuwa katika moyo wake mambo hayo mawili hayajatengana.

Sheria ya Tanzania hujaribu kuyatenganisha. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kwanza katika kuamua nani apewe ulezi, nacho kinaruhusu, katika mazingira ya pekee, mtoto akabidhiwe ndugu badala ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo ya kupimwa: kwamba ni bora mtoto awe na wazazi wake isipokuwa pale haki zake zinapovunjwa mara kwa mara, maoni ya mtoto mwenyewe yanapotolewa kwa uhuru, na haja ya malezi yasiyokatizwa.

Vipimo hivyo vikitumiwa kwa Honoria, vinavutana. Mtoto anamwambia baba yake waziwazi kwamba anataka kuishi naye, lakini hakuna kikao kinachomwita aulizwe. Kwa upande mwingine, kumwondoa kwa akina Peters ni kukatiza malezi aliyokwisha kuyazoea. Jambo la msingi ni kwamba sheria haiulizi kama mzazi anastahili kusamehewa, ilhali swali hilo ndilo linalomtawala Marion na, kwa kiasi kikubwa, Charlie mwenyewe. Wote wawili wanajadili deni la zamani. Mtoto ana haja na kesho.

4.0 Keko: Mahali Pasipo Anwani ya Kuficha

Keko hutajwa na wakazi wengi wa Dar es Salaam kwa gereza lake na kwa mafundi wake wa samani. Ni mahali pa vyumba vya kupanga vinavyotazamana uani, ambapo jirani husikia mlango ukifunguliwa usiku na kuukadiria mwendo wa aingiaye. Katika mazingira ya namna hii mtoto wa mzazi mlevi mara nyingi huchukuliwa na bibi, shangazi au mama mdogo pasipo karatasi yoyote, na hurudishwa kwa mazungumzo ya wazee. Shauri linaposhindikana, kuna mahakama. Mwaka 2021 Temeke ilipata Kituo Jumuishi cha Mahakama kwa ajili ya masuala ya familia.

Mazingira haya yanaigeuza hoja ya Fitzgerald. Charlie alikuwa na uwezo wa kuificha anwani, akashindwa kuutumia. Seremala wa Keko aliyeacha pombe hana anwani ya kuficha. Aliokunywa nao ndio anaopiga nao randa, siku ya malipo ni moja kwa wote, na njia ya kurudi nyumbani inapita kilabuni. Kumtaka akate uhusiano na watu hao ni kumtaka aache kazi, na kuacha kazi ni kupoteza kipato ambacho mahakama nayo itakiuliza.

Hata hivyo, uwazi huo huo una faida. Katika hadithi, ushahidi wa mabadiliko ya Charlie uko Prague, mbali na macho ya Marion. Hana budi kuamini maneno. Uani hakuna haja ya maneno. Jirani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ofisa wa ustawi wa jamii wanaweza kueleza ni jioni ngapi fundi huyo amepita kilabuni bila kuingia. Mwandishi wa Kiswahili atakayeliandika suala hili kwa mazingira ya Keko hatahitaji wageni wa ghafla. Atahitaji jioni nyingi zinazofanana.

5.0 Hitimisho

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Kiswahili kina nomino mlevi, lakini kwa aliyeachana na pombe hutumia kitenzi: ameacha. Kiambishi -me- hueleza hali iliyofikiwa na inayodumu hadi wakati wa kusema. Hakitoi ahadi ya kesho. Ulezi wa mtoto, kinyume chake, ni jambo la kesho. Hadithi ya Fitzgerald inaishia katika pengo hilo: Charlie anakataa glasi ya pili, na Honoria hayupo. Mhakiki anayemhukumu Charlie kuwa tayari au hayuko tayari, bila kuuliza mtoto atakuwa salama mikononi mwa nani, anarudia kosa la watu wazima wa hadithi hiyo. Utayari wa mzazi hauna maana nje ya usalama wa mtoto, na usalama huo hupimwa kwa mazoea ya kila siku kuliko kwa uchungu wa toba.