Je, Wajua? Alamu ya Nyumba na Betri Yake

Je, wajua kwamba alamu inayopiga kelele usiku wa manane bila dalili ya mwizi, mara nyingi inamlalamikia mwenye nyumba kuhusu betri? Ndani ya kile kisanduku kilichofungwa ukutani, stoo au juu ya kabati, mna betri ndogo yenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo 2. Imeandikwa volti 12, ampea-saa 7. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua vizuri, maana ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye fensi nyingi za umeme na kwenye mota za geti. Umeme ukiwapo, hukaa ikichajiwa kidogo kidogo. Ukikatika, ulinzi wote wa nyumba unakuwa juu yake.

Je, wajua kwamba betri iliyokufa inaweza kusoma volti 13 na ushee? Hapo ndipo wengi wanapopotea. Betri ikiwa bado imeunganishwa, mita inasoma chaja ya mtambo, ambayo kwa kawaida hutoa kati ya volti 13.5 na 13.8. Kuujua ukweli, zima umeme unaoingia kwenye kisanduku, uiache alamu iendeshwe na betri peke yake kwa nusu saa hivi, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Ukiweza, liza king'ora kwa sekunde chache, kwa sababu king'ora hula umeme mwingi kuliko sensa zote zikiwekwa pamoja. Betri nzima itashuka hadi 12 na kitu, halafu itulie hapo. Iliyochoka itaporomoka mbele ya macho yako hadi 11, hadi 10.5, na taa za kibodi cha ukutani zizimike. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja cha volti 2 hivi. Kimoja tu kikiharibika, vingine vitano haviwezi kuibeba kazi.

Kabla ya kupima, kama alamu imeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie simu kwanza, wasije wakatuma gari la askari bure. Upande wa transfoma, unakoingia umeme mkubwa wa nyumba, usiuguse. Huo ni wa fundi. Na usiihukumu betri saa moja baada ya umeme kurudi. Ikiwa iliisha kabisa, ipe siku nzima ijae, ndipo uangalie kama taa ya onyo bado inawaka.

Hesabu yake si ngumu. Mtambo na sensa zake zikila ampea 0.2, ampea-saa 7 zingetosha saa 35. Hiyo ni betri mpya, na ni hesabu ya karatasini. Iliyozeeka inaweza isifike nusu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipokosa umeme, maeneo kadhaa yalisubiri hadi siku ya pili. Katika giza kama hilo ndipo betri inapotakiwa kuthibitisha maandishi yake.

Je, wajua kwamba joto linaiua haraka kuliko kazi? Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 juu ya kiwango chake, maisha ya betri ya aina hii hupungua kwa nusu. Iliyoahidiwa miaka 5 kwenye nyuzi 25, ukiifunga chini ya bati huko Tanga au Mombasa, penye nyuzi 35 mwaka mzima, tarajia miaka miwili na nusu. Namwomba kila anayejenga pwani amwambie fundi mapema: kisanduku kikae chini, chumba chenye hewa, mbali na dari.

Adui wa pili ni kukaa bila chaji. Betri hii imetengenezwa kwa madini ya risasi na tindikali, na ikiachwa tupu, chumvi ya salfeti hugandamana kwenye sahani zake na baadaye haiyeyuki tena. Wapo wanaosafiri kwenda kwao mwezi mzima na kuzima swichi kuu kwa usalama. Alamu hubaki kwenye betri, baada ya siku moja au mbili inanyamaza, na wanaporudi betri haifai tena. Nyumba imekaa bila mlinzi wiki zote hizo.

Je, wajua kwamba zamani betri haikuwa ya akiba? Augustus Russell Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya wezi ya umeme mwaka 1853. Mlango ukifunguliwa, mkondo ulikamilika na nyundo ikaipiga kengele. Edwin Holmes akainunua haki hiyo mwaka 1857 na kuifanya biashara. Wakati huo hapakuwa na umeme wa kuvutwa majumbani. Kituo cha kuzalisha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza kazi baadaye, mwaka 1882. Betri ndiyo ilikuwa umeme wenyewe. Betri ya risasi na tindikali, ambayo ukoo wake umo kwenye kisanduku chako leo, iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Si kila kelele ni ya betri, bila shaka. Mjusi au buibui akitambaa juu ya lenzi ya sensa huonekana mkubwa mno. Mlango wa mbao ukivimba wakati wa masika, sumaku yake husogea mbali na swichi.

Je, wajua betri iliyokufa huenda wapi? Wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa kilo ili risasi iyeyushwe upya. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulijua gharama ya kazi hiyo ikifanywa vibaya: kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyewapigania alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Unapobadilisha betri, muulize muuzaji kama anaipokea ya zamani ikiwa nzima, na usikubali ipasuliwe uani kwako.