Chasisi Kwanza: Utunzaji wa Land Rover za Zamani Afrika Mashariki

Kutunza magari ya zamani kwa mapenzi, yaani kuyanunua, kuyafufua, kubadilishana vipuri vyake na kuyaendesha pasipo kutegemea yalete faida, ni shughuli inayofanywa katika nchi nyingi duniani, lakini katika Afrika Mashariki ina sura yake ya pekee, kwa sababu gari ambalo Ulaya hufungiwa bandani na kutolewa siku za mapumziko, huku bado hubeba abiria, magunia ya viazi na wagonjwa katika njia zinazoyashinda magari mengine. Hakuna gari linaloonyesha hali hiyo kwa uwazi kuliko Land Rover, ambayo katika sehemu za Samburu na mlima Elgon nchini Kenya, na katika vijiji vingi vya kaskazini mwa Tanzania, haijapata kuwa kitu cha kumbukumbu kwa kuwa haijaacha kufanya kazi. Mpenzi wa Land Rover wa Nairobi au Arusha hutumia mafundi walewale, maduka yaleyale na mara nyingine vipuri vilevile anavyotumia mwenye gari la abiria la milimani, na bila hao mapenzi yake yangemgharimu zaidi ya uwezo wake.

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye katika shamba lake la kisiwa cha Anglesey, Wales, alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo chuma cha kutengenezea magari kilitolewa kwa mgao wa serikali, ilhali mchanganyiko wa alumini uliokuwa ukitumika katika viwanda vya ndege ulipatikana kwa wingi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini, na chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba injini, ekseli na bodi yenyewe, ikatengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja hadi yakafanya mihimili mirefu ya pembe nne iliyo wazi ndani. Uamuzi huo uliozaliwa na uhaba ndio unaotawala hadi leo karibu kila jambo linalohusu kununua, kutengeneza na kuuza gari hili.

Alumini haipati kutu nyekundu, lakini chuma cha chasisi huoza, tena huanza kuoza kwa ndani, kwa kuwa maji, tope na mchanga huingia katika matundu ya mihimili ile na kukaa humo miaka mingi pasipo kuonekana na mtu. Hapo ndipo penye hadaa kubwa ya gari hili, hadaa ambayo haihitaji hata muuzaji mwongo: Land Rover inaweza kusimama mbele ya mnunuzi ikiwa na milango iliyonyooka, rangi inayong'aa na injini inayowaka kwa mguso mmoja, huku chini yake chasisi imebaki ganda tupu. Mahali pa kutazamwa kwanza ni mhimili wa nyuma kabisa, ambao hufungwa ndoano ya kuvutia tela na ambao hurushiwa tope na magurudumu kila siku. Kisha vikono vinavyotokeza pembeni kushikilia bodi, sehemu zinazoshika springi, na ukuta wa chuma unaomtenga dereva na injini, hasa pale anapokanyagia. Fundi mzoefu hulala chini na kugonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua, maana chuma kizima hulia na kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine nyundo yenyewe hupenya.

Kwa magari yaliyoishi pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mtwara, kuna ugonjwa wa pili. Pale ambapo alumini inagusana na chuma, chumvi iliyomo katika unyevu wa bahari huzifanya metali hizo mbili kuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo ni alumini inayoliwa, ikageuka unga mweupe unaopukutika chini ya rangi, hasa katika kingo za milango na mahali palipopigwa ribiti. Kwa sababu hiyo, Land Rover yenye rangi iliyochubuka lakini iliyofanya kazi yake yote mbali na bahari, inastahili bei kubwa kuliko nyingine yenye rangi mpya iliyozeeka ufukweni, ingawa madalali wengi hupanga bei kinyume kabisa na hivyo.

Matengenezo ya chasisi ndiyo yanayopambanua gereji na gereji. Njia ya haraka, ambayo huonekana sana katika gereji bubu, yaani gereji zisizo rasmi za kando ya barabara, ni kuchomelea bamba juu ya sehemu iliyooza na kulifunika kwa rangi nyeusi; njia hiyo ni mbaya kuliko kutofanya lolote, kwa sababu uozo huendelea chini ya kiraka na mnunuzi anayefuata hawezi tena kuuona. Njia iliyo sahihi ni kukata hadi kufikia chuma kizima, kuweka bamba lenye unene uleule wa awali, kuchomelea kingo zote pasipo kuacha upenyo, kisha kuingiza ndani ya mhimili mafuta mazito au nta inayozuia unyevu. Ni kazi ya siku nyingi isiyoonekana baadaye, na ndiyo maana wenye magari huiahirisha wakapendelea kubadilisha viti na taa.

Alumini hiyohiyo iliyoyaokoa magari haya yasiliwe na kutu imekuwa pia sababu ya mengi kupotea. Alumini chakavu ina soko la uhakika katika miji ya Afrika Mashariki, ambako huyeyushwa na kusubiwa kuwa sufuria na vyombo vingine vya nyumbani, na mabawa na milango ya Land Rover iliyolala uani kwa miaka kumi humvutia mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya kumvutia mpenzi wa magari. Kila gari linalokatwa hivyo huondoka na vipuri ambavyo havipatikani kwa urahisi dukani, kama vile fremu za vioo na kofia za injini za matoleo ya mwanzo.

Anayeingia katika shughuli hii hana budi kuyatambua matoleo. Series I ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1958. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ilianza 1971 ikadumu hadi 1985. Namba 88 na 109 zinazotajwa na mafundi ni umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1983 ilitoka One Ten, ambayo springi zake si zile za mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine bali ni za kuzunguka kama koili, na kwa hiyo hulainisha safari. Mwaka 1990 jina la Defender likaanza kutumika. Nchini Tanzania magari haya yalitumiwa na polisi kwa muda mrefu hata neno difenda likazoeleka kuwa jina la gari la polisi, liwe limetengenezwa na kampuni hiyo au nyingine.

Urahisi wa kutengenezeka ndio sifa kuu ya matoleo ya Series. Karibu kila sehemu imefungwa kwa bolti, na injini ya petroli yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, iliyotumika tangu 1958, haina kifaa cha kielektroniki kinachoweza kuishinda gereji ya kijijini: kabureta huchanganya mafuta na hewa, plagi huwasha, mnyororo wa ndani huzungusha shafti ya valvu, na fundi anayesikiliza kwa makini huweza kutambua kasoro nyingi kwa sikio. Ulaji wake wa mafuta ni mkubwa, takriban lita moja kwa kilomita tano au sita, na kasi inayoifaa ni ya kilomita 70 au 80 kwa saa, mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyakubali kabla ya kutoa fedha. Giaboksi za kabla ya Series III zilikuwa na vilinganishi, yaani pete zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, katika gia ya tatu na ya nne tu; dereva anayerudi gia ya pili hulazimika kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha mzunguko wa injini katikati, na asipojua hivyo huvunja meno kisha akailaumu giaboksi. Udhaifu mwingine unaojulikana ni shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, ambazo hukatika gari linapopakiwa kupita kiasi, na mipira mikubwa ya chuma katika ekseli ya mbele, ambayo uso wake ukishaliwa na kutu huichana sili na kuvujisha mafuta.

Hata spana zina historia yake. Matoleo ya awali yalifungwa kwa nati za vipimo vya zamani vya Kiingereza, yaliyofuata kwa vipimo vya inchi vilivyokubalika kimataifa, na ya baadaye yakaanza kuchanganya na milimita. Spana ya milimita inayokaribia kutosha katika nati ya inchi ndiyo iliyoviringisha vichwa vya bolti nyingi katika magari ya eneo hili, na seti moja nzuri ya spana za inchi ni ununuzi wenye busara kuliko redio, rimu au taa za ziada.

Suala linalowagawanya wapenzi wa magari haya ni kubadilisha injini. Kwa kuwa injini ya petroli hula sana, wengi huitoa na kuweka ya dizeli, ama ya Land Rover ya baadaye kama 200Tdi na 300Tdi za miaka ya 1990, ama ya kampuni za Kijapani. Injini za Tdi zina nguvu zaidi na hubana matumizi, lakini badala ya mnyororo hutumia mkanda wa mpira kuzungusha shafti ya valvu, na mkanda huo ukikatika valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo kuchelewa kuubadilisha huweza kuiharibu injini katika dakika moja. Injini ya Td5 iliyofuata mwaka 1998 ilileta udhibiti wa kielektroniki, na tangu hapo fundi alihitaji kompyuta pamoja na spana. Mabadiliko yanayotumia vishikio vilivyopo, yasiyokata chasisi wala ukuta wa dereva, na ambayo mmiliki wa kesho akitaka anaweza kuyarudisha nyuma, hayana lawama; lakini kukata mihimili kwa gesi ili injini ngeni ipate nafasi ni kuliharibu gari, na bei ya chini ya injini hiyo haifidii hasara hiyo.

Biashara ya vipuri huendeshwa kwa kufahamiana. Katika mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam na katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hupatikana vipuri vipya, vya mtumba na vilivyochongwa, kwani bushi au pini isiyopatikana dukani huweza kukerezwa, yaani kuchongwa kwa mashine inayozungusha chuma mbele ya kisu, na mkerezaji mzuri hutoa kitu kinachodumu sawa na cha kiwandani. Hata hivyo kuna mpaka usiopaswa kuvukwa: sehemu za breki na za usukani zisinunuliwe kwa kuangalia bei, wala zisitengenezwe kwa kubahatisha, kwa sababu kipuri bandia cha dirisha huleta vumbi, lakini cha breki huua watu.

Karatasi nazo ni sehemu ya gari. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, hali inayowafanya wapenzi wa magari ya zamani watafute zaidi yaliyokwisha kuwamo nchini, ambayo mengi yalitoka katika minada ya serikali, mashamba makubwa, misheni na kampuni za utalii. Magari hayo mara nyingi yamepita mikononi mwa watu wengi bila kubadilishwa jina, na baadhi yameunganishwa kutokana na mawili au matatu. Katika Series II na III namba ya chasisi hupigwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, kwa kawaida upande wa kulia, na hiyo ndiyo inayopaswa kulinganishwa na kadi ya gari, wala si kibati kilichofungwa kwa skrubu ndani, ambacho huhamishika kwa dakika mbili.

Mnamo Oktoba 2024 mamia ya Land Rover za kila umri yalikusanyika Arusha kwa tamasha, nyingine zikiwa zimeng'arishwa na nyingine zikitoka moja kwa moja kazini zikiwa na vumbi lake. Gari la mwisho la ukoo huu wa zamani lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Anayetaka kuanza na aanze na 109 ya petroli yenye chasisi nzima, namba inayosomeka na kadi yenye jina la muuzaji, hata kama haiwaki.