Kahawa isiyoshikwa na CBD bado yahitaji tahadhari

Mvua zinapokaribia Othaya, Tetu na Mathira, wakulima wa kahawa hutoa pampu zao za mgongoni. Adui mkubwa ni CBD, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Ulionekana nchini Kenya mwaka wa 1922. Aina za zamani, SL28 na SL34, ladha yake yasifiwa ulimwenguni lakini hazina kinga ya kutosha, hivyo mkulima hunyunyiza dawa tena na tena.

Watafiti wa Ruiru walianza mwaka wa 1971 kuzichanganya aina hizo na nyingine zenye kinga, kama vile Rume Sudan. Mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11, mti mfupi unaopandwa kwa kubanana, hivyo ekari moja hutoa mavuno zaidi. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, kazi ya polepole, na miche ikawa haba kwa miaka mingi. Mwaka wa 2010 ikafuata Batian, iliyopewa jina la kilele cha Mlima Kenya. Hii ni ndefu, huzaa mapema, na mbegu yake haihitaji kazi hiyo.

Kwa daktari, habari hizi ni njema: kadiri dawa inavyonyunyizwa mara chache, ndivyo macho na mapafu yanavyopumzika. Lakini kinga ya miti hii ni ya CBD na kutu ya majani tu. Wadudu huishambulia kama kahawa nyingine, na hizo dawa za wadudu ndizo hatari zaidi kwa binadamu.

Baadhi yake ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Hazihitaji kumezwa. Pampu ikivuja, shati lililolowa mgongoni latosha kuipitisha sumu kwenye ngozi. Mtu hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, kisha pumzi humwishia.

Mvue nguo hizo upesi, ukijikinga mikono, na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa, ingawa najua wengi wenu mnayaamini. Mkimbize hospitali na mwende na chupa ya dawa yenye lebo yake, ili daktari ajue mapema kama atahitaji kumdunga atropini.